Mbio za farasi Jumamosi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaobeti Dodoma

Kila Ijumaa jioni meseji huanza kuingia: Nkuhungu, Area C, Chang'ombe, wanafunzi wa UDOM, madereva waliopaki Kongwa au Manyoni. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Siuzi tipsi na sipokei chochote kutoka kampuni yoyote ya kubashiri. Ninachotaka ni kwamba mtu wa Dodoma anayeweka hela yake kwa farasi ajue kwanza ameiweka kwenye nini.

Kaka, nipe farasi mmoja wa uhakika wa Jumamosi.

Hayupo. Hata yule anayepewa nafasi kubwa kuliko wote, yaani mwenye odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) ndogo kabisa kwenye mbio, kwa Uingereza hushinda takriban mara moja katika kila mbio tatu. Maana yake mara mbili kati ya tatu anapigwa, na huyo ndiye ambaye soko zima limekubaliana naye.

Utabiri wa maana una vitu vitatu: jina la farasi, sababu za kumchagua, na odi ambayo chini yake humchukui tena. Wengi hutoa jina tu. Wachache hutoa sababu. Hicho cha tatu karibu kila mtu anakisahau, na ndicho chenye pesa. Chukua farasi ambaye kwa hesabu zako atashinda mara moja kati ya tatu. Ukimchezea shilingi 1,000 kwa odi ya 4.00 mara 12, akatoka mara nne, umerudishiwa 16,000 kwa 12,000 uliyotoa. Mchezee huyo huyo kwa odi ya 2.50: mara nne zile zile zinakurudishia 10,000, umepoteza 2,000. Farasi yule yule, ushindi ule ule, na mmoja amekula, mwingine ameliwa. Kwa hiyo ukiniuliza "farasi gani", nami nitakuuliza "kwa odi ngapi".

Zile mbio za farasi za kwenye skrini za vibandani ni za kweli?

Nyingi si za kweli, na hili ndilo jambo ninalotamani lingefika kila kijiwe. Ingia kibanda chochote chenye skrini, utaona farasi sita au nane wenye rangi na namba, wanakimbia kwa muda mfupi, mshindi anatangazwa, na dakika chache baadaye mbio nyingine inaanza. Hizo ni picha za kompyuta. Kabla farasi hajainua mguu, programu ya kuchagua namba kwa bahati imeshaamua nani anashinda. Hakuna mpanda farasi, hakuna uwanja, hakuna mvua wala uchovu.

Wapo vijana wanaokaa na daftari, wanaandika kila namba inayotoka, kisha wanasema namba 4 haijatoka tangu asubuhi, sasa ni zamu yake. Namba haina zamu. Kama programu imempa farasi namba 4 nafasi ya asilimia 10, basi mbio inayofuata nafasi yake ni asilimia 10, awe ametoka mara tatu mfululizo au hajatoka tangu kibanda kifunguliwe. Daftari lile limeandikwa kwa bidii ya kweli, na inaniuma kuona bidii hiyo ikielekezwa mahali ambapo haiwezi kuzaa kitu.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Mbio ya kweli ina jina la kiwanja kinachojulikana, ina saa maalumu, ina jina la mpanda farasi na la mkufunzi, na farasi huyo ana historia unayoweza kuitafuta mwenyewe mtandaoni. Kama mbio zinapishana kwa dakika tatu tatu kutwa nzima, hizo ni za kompyuta. Usitafute utabiri wake, na anayekuuzia utabiri wa mbio za namna hiyo anakuibia.

Kwa nini sisi hatuna kiwanja cha mbio za farasi hapa Dodoma?

Kilicho karibu nasi ni Ngong, Nairobi, ambako mbio hufanyika siku za Jumapili kwa misimu. Kwa upande wetu farasi amekuwa na maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao huua farasi wengi sana wasio na kinga. Wa pili ni nagana, unaoletwa na mbung'o. Punda huhimili ugonjwa wa farasi wa Afrika vizuri zaidi, ndiyo maana ukienda Chamwino au Bahi utamkuta punda na madumu yake ya maji, lakini farasi utamtafuta sana.

Kwa hiyo tunachobashiri sisi ni mbio za mbali: Uingereza, Ireland, Afrika Kusini, Ufaransa, na wakati mwingine Kenya.

Zinaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Miezi mingine iko nyuma kwa saa tatu. Kadi, yaani orodha ya mbio na farasi wa siku hiyo, ikiandika 14:00 mwezi Juni, kwetu ni saa kumi jioni. Ikiandika 14:00 mwezi Januari, kwetu ni saa kumi na moja jioni. Afrika Kusini iko nyuma kwa saa moja tu mwaka mzima.

Angalia pia programu ya kampuni yako inaonyesha saa za wapi. Baadhi zinaonyesha saa zetu, baadhi zinaacha za kwao, na mtu anafika kuweka dau mbio imeshaisha.

Utabiri wa Jumamosi niuanze siku gani?

Kwa mbio za kukimbia tu, zisizo na viunzi, majina ya mwisho Uingereza huthibitishwa siku mbili kabla. Kwa mbio za viunzi kwa kawaida ni siku moja kabla. Hii ina maana kwamba anayekupa "farasi wa Jumamosi" siku ya Jumatatu anakisia hata kama farasi huyo atakimbia. Mimi huanza Alhamisi jioni kwa kuangalia nani amethibitishwa, Ijumaa naangalia hali ya hewa ya kiwanja, na Jumamosi saa nne au saa tano asubuhi naangalia nani amejitoa na odi zimeelekea wapi. Uamuzi naufanya hapo.

Ile mistari ya namba na herufi kwenye kadi naisomaje?

Hapa ndipo kazi ilipo, kaa nayo. Tuchukue mstari wa kubuni:

0-3421 CD, miaka 5, 9-2, (3)

Namba za mwanzo ni nafasi alizomaliza, na zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia: ya kushoto ni ya zamani, ya kulia kabisa ni ya mbio yake ya mwisho. Huyu mbio ya mwisho ameshinda, kabla yake alikuwa wa pili, kabla yake wa nne, kabla yake wa tatu. Sifuri ni nafasi ya kumi au nyuma zaidi. Kistari kinatenganisha msimu uliopita na huu. Ukiona mkwaju ulioegemea (/) badala ya kistari, pengo ni refu zaidi, na mara nyingi maana yake alikuwa na jeraha.

Kwenye mbio za viunzi utakuta herufi. F ni ameanguka. U ni amemwangusha mpandaji wake. P ni mpandaji amemsimamisha kabla ya kumaliza. R ni amekataa kuruka. B ameangushwa na mwenzake, na huyo usimhukumu kwa kosa lisilo lake. P mbili mfululizo hunifanya niruke jina hilo bila kusoma zaidi.

C ina maana amewahi kushinda kwenye kiwanja hicho, D amewahi kushinda umbali huo, CD vyote viwili kwa mbio moja. BF ni kwamba mara ya mwisho alikuwa na odi ndogo kuliko wote na akapigwa. Watu humkimbia mwenye BF. Mimi humsoma kwa makini, kwa sababu mara nyingine odi yake inapanda kuliko inavyostahili.

9-2 ni uzito anaobeba kwa vipimo vya Kiingereza: stoni 9 na ratili 2. Stoni moja ni ratili 14, kwa hiyo ni ratili 128, karibu kilo 58, mpandaji na tandiko lake pamoja. Na (3) ni kizimba anachoanzia. Kwenye njia ndefu iliyonyooka namba hiyo inaweza isiwe na maana. Kwenye kiwanja chenye kona kali ni habari nyingine kabisa. Chester ni mviringo mdogo wa takriban maili moja kwa mzunguko, na kwenye mbio fupi za hapo aliyepangwa ndani, namba ndogo, ana faida kubwa dhidi ya aliyepangwa nje, ambaye lazima azunguke zaidi au apoteze nafasi akijaribu kuingia ndani. Nikiona farasi mzuri Chester kwenye kizimba cha 12 kwa mbio fupi, namwacha hata kama kila gazeti limempigia debe.

Kuna herufi ndogo pembeni ya jina: b ni kile kifuniko cha macho kinachomzuia kuona pembeni, t ni mkanda wa kufunga ulimi, h ni kofia. Zikifuatiwa na namba 1 maana yake anavaa kwa mara ya kwanza, na mkufunzi ana jambo anajaribu kulirekebisha.

Kimoja cha mwisho ni siku tangu akimbie mara ya mwisho, ambazo kadi nyingi huziandika karibu na jina. Farasi aliyekaa siku 300 anaweza kushinda, lakini angalia kama mkufunzi wake ana historia ya kurudisha farasi wakiwa tayari. Baadhi wana kipaji hicho. Wengine hutumia mbio ya kwanza kama mazoezi.

Uwanja mkavu au wenye tope unabadilisha nini?

Karibu kila kitu. Kadi itaandika Firm, Good, Good to Soft, Soft au Heavy, kutoka ardhi ngumu hadi tope zito. Anayejua kutembea kiangazi kwenye njia ya vumbi, kisha akavuka majaruba ya mpunga ya Bahi mwezi Februari, anaelewa bila kuambiwa: miguu ni ile ile, nguvu inayotumika si ile ile.

Farasi mwepesi mwenye hatua za haraka hupenda ardhi ngumu. Mwenye kwato pana na mwendo wa kuinua magoti mara nyingi huvumilia tope. Usikisie kwa picha, tafuta matokeo yake. Kama amekimbia mara sita kwenye Soft au Heavy bila kuingia tatu bora, na mara nne kwenye Good akashinda mbili, umeshapata jibu. Halafu fungua utabiri wa hali ya hewa wa mji husika, siyo wa nchi nzima. Mvua ya usiku mmoja inaweza kugeuza kadi nzima, na utabiri ulioandikwa Alhamisi ukawa hauna kazi Jumamosi.

Kuna viwanja vya Uingereza visivyotegemea mvua kiasi hicho, kama Wolverhampton, Kempton na Newcastle, ambavyo vina njia ya mchanga uliotengenezwa maalumu. Huko tafuta waliozoea njia hiyo. Farasi aliyeshinda mara nyingi kwenye nyasi anaweza kuwa mgeni kabisa hapo.

Mbio za hendikapu ni zipi, na kwa nini ni ngumu?

Ni mbio ambazo farasi bora anabebeshwa uzito mkubwa ili wote wafike karibu pamoja. Kila farasi ana alama anayopewa na wataalamu wa chama cha mbio. Uingereza alama moja ni ratili moja, Afrika Kusini ni nusu kilo. Akishinda, alama hupanda na uzito nao unapanda. Akishindwa mfululizo, hushuka.

Ugumu ni kwamba mbio yenyewe imetengenezwa ili usiweze kuitabiri. Faida ni kwamba mara chache uzito huwa haujamfikia farasi anayeimarika haraka. Tafuta farasi mdogo, wa miaka mitatu au minne, anayeongezewa umbali kwa mara ya kwanza, na ambaye wazazi wake walikuwa wa mbio ndefu. Kitu kingine ni mpandaji mwanafunzi: Uingereza hupunguziwa ratili 7, 5 au 3 kulingana na ushindi alioupata. Kwa kawaida huhesabiwa kwamba kwenye mbio fupi ya mita 1,000 ratili tatu ni sawa na urefu mmoja wa farasi, na kwenye mbio ndefu ratili moja inatosha kufanya tofauti hiyo. Mwanafunzi mwenye mikono mizuri na punguzo la ratili 7 ni zawadi.

Odi ikiandikwa 5/2 ni ngapi kwa zetu?

Gawa ya kwanza kwa ya pili, ongeza moja. 5/2 ni 3.50. Dau la 2,000 linarudi 7,000, na hapo 5,000 ndiyo faida. 10/1 ni 11.00. 4/6 ni 1.67 hivi.

Ukitaka kujua kampuni imejiwekea kiasi gani, gawa 100 kwa kila odi ya mbio nzima kisha jumlisha. Mbio ya farasi sita wenye 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00 na 12.50 inakupa 40, 25, 20, 12.5, 10 na 8, jumla 115.5. Yote inayozidi 100 ni ya kwao. Nikikuta mbio imefika 125 au zaidi naiacha, hata kama nina farasi ninayempenda.

E/W ni nini?

Ni madau mawili kwenye tiketi moja: moja anashinda, jingine anaingia nafasi za juu. Ukiandika 1,000 E/W umetoa 2,000, na watu wengi hushtuka hapo. Kwa kanuni za kawaida za Uingereza, farasi wanne au pungufu hakuna nafasi. Watano hadi saba hulipwa nafasi mbili kwa robo ya odi. Wanane na kuendelea nafasi tatu kwa sehemu moja ya tano. Hendikapu ya 12 hadi 15 nafasi tatu kwa robo, na hendikapu ya 16 na kuendelea nafasi nne kwa robo.

Mfano: hendikapu ya farasi 18, wako ana 11.00, amemaliza wa tatu. Elfu moja ya ushindi imekwenda. Elfu ya nafasi inalipwa robo ya 10, yaani 2.5, pamoja na dau lake: 3,500. Umetoa 2,000, umepata 3,500. Angalia masharti ya kampuni yako kwanza kwa sababu si zote zinafuata kanuni hizi.

Kwa farasi wa odi ndogo E/W haina maana. Robo ya 2 haifidii nusu ya dau unayoitupa.

Kwa nini hutoi mkeka wa farasi?

Kwa sababu hesabu inakataa. Mkeka ni farasi kadhaa kwenye tiketi moja, na lazima wote washinde ndipo ulipwe. Wachukue wanne wenye odi ndogo kuliko wote kwenye mbio zao, kila mmoja na nafasi moja kati ya tatu. Wote wanne kutoka ni mara moja katika 81. Na kila farasi unayemwongeza, unaongeza pia ile sehemu ya kampuni, inajizidisha. Mkeka ukitiki mmoja mtaani, picha yake inasambaa kila grupu. Iliyochanika haipigwi picha. Ninayemwamini namchezea peke yake.

Nimeingizwa grupu la Telegram, wanauza tipsi, na kweli farasi wao alishinda. Nilipie?

Usilipe, na soma hili polepole. Mtu mwenye namba 800 za simu anaweza kuwagawa watu wake makundi nane kwa mbio ya farasi wanane, na kila kundi akalitajia farasi tofauti. Mbio ikiisha, watu 100 wamepewa mshindi. Hao mia anawagawa tena kwa mbio nyingine. Wachache wanaobaki wamepewa washindi wawili mfululizo bure, wanaapa kwamba huyu jamaa ana watu ndani, na sasa anawaomba 50,000 kwa "farasi wa tatu". Hajui chochote kuhusu farasi. Wewe unaona ulichopewa wewe tu, huoni walichopewa wengine.

Dalili nyingine: anatuma "ushahidi" baada ya mbio na siyo kabla. Anafuta zilizopotea. Anakuambia mbio imepangwa, na anataka hela kwenye namba ya simu yenye jina lisilo lake. Fikiria jambo moja tu: mwenye mbio iliyopangwa angekuwa anaitafuta buku kumi yako ya nini?

Mbashiri mwaminifu anaweka rekodi yake yote hadharani, zilizotoka na zilizopotea, kabla ya mbio kuanza, pamoja na odi iliyokuwepo muda huo. Utakuta pia ameandika NAP, yaani chaguo lake la siku, na NB, linalofuata. Ukimfuata mtu, ifuate rekodi hiyo miezi kadhaa kwenye daftari lako, bila kuweka hata shilingi.

Grand National inatabirika?

Ni mbio ninayoipenda kuliko zote na ndiyo ninayoichezea kidogo kuliko zote. Hufanyika Aintree, Liverpool, mwezi Aprili, karibu kilomita saba na vikwazo 30. Tangu 2024 idadi ya farasi imepunguzwa kutoka 40 hadi 34 kwa ajili ya usalama.

Mwaka 1967 farasi 44 walianza. Popham Down alikuwa amempoteza mpandaji wake kwenye kikwazo cha kwanza lakini akaendelea kukimbia peke yake mbele ya wenzake. Walipofika kikwazo cha 23, kimoja kati ya vilivyo vifupi, akakata upande. Waliomfuata wakagongana, wengine wakasimama, wapandaji wakarushwa chini, karibu msafara mzima ukakwama. Foinavon alikuwa nyuma sana, mwenye odi ya 100/1, akiendeshwa na John Buckingham. Kwa kuwa alikuwa mbali alipata muda wa kuona, akatafuta upenyo pembeni, akaruka na kwenda peke yake. Waliopanda tena hawakumfikia. Hakuna kadi wala mtaalamu ambaye angeweza kuliona hilo. Kwa hiyo Aintree nachukua wanaoruka vizuri, waliozoea umbali mrefu, kwa E/W ndogo, kisha naangalia mbio.

Na za Afrika Kusini?

Zinafaa sana kwetu kwa sababu saa zinakaribiana. Kubwa ni Durban July, kiwanja cha Greyville, Jumamosi ya kwanza ya Julai, mita 2,200, iliyoanza 1897. Ni hendikapu yenye farasi wengi, na wenye nafasi ni wale wanaoweza kujiweka vizuri kabla ya kona ya mwisho. Januari kuna Met ya Cape Town pale Kenilworth, mita 2,000.

Niweke kiasi gani?

Kiasi ambacho kikipotea chote, hakuna mtu nyumbani atakayegundua. Ukishakitenga, kigawe sehemu 50, na kila dau liwe sehemu moja. Ukipoteza mara kumi mfululizo, na utapoteza, bado una 40. Usiongeze dau kufukuza hela iliyokwenda.

Hela ya boom siyo ya farasi. Marejesho ya kikoba siyo ya farasi, na mkopo wa simu ndiyo kabisa usiuguse. Dada mmoja anayekaa Kikuyu, hapa Dodoma, aliniandikia kuhusu mumewe, fundi, ambaye ada ya mtoto ilikwenda kwenye zile mbio za kompyuta mchana mmoja. Nilimjibu ninachowajibu wote: kama unaficha, kama unakopa ili ubeti, au kama huwezi kumaliza siku bila kuweka dau, waandikie huduma kwa wateja waifunge akaunti yako leo, mpe mwenzi wako simu yenye hela, na mwambie mtu mzima unayemwamini. Ukurasa huu utakusubiri, na usiporudi nitafurahi zaidi.

Nina miaka 17, naweza kutumia akaunti ya kaka?

Hapana. Sheria ni miaka 18, na akaunti ni ya mwenye jina.

Nitajuaje kampuni ni halali, na kodi inakuwaje?

Lazima iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kama haioneshi leseni, usiweke hela. Kodi ya ushindi hukatwa na kampuni kabla hujalipwa, na kiwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, kwa hiyo soma masharti ya mwaka husika. Iingize kodi hiyo kwenye hesabu yako ya odi, kwa sababu odi ya 4.00 kabla ya kodi siyo 4.00 mkononi.

Farasi wangu hakukimbia. Hela yangu?

Kwa kawaida hurudishwa. Lakini kuna upande wa pili: kama aliyejitoa ni mwenye nafasi kubwa, na wewe ulishachukua odi kwa mwingine, ushindi wako hupunguzwa, kwa sababu mbio imekuwa rahisi. Kwa kanuni ya Uingereza, aliyekuwa na 3.00 akijitoa, asilimia 30 ya faida yako hukatwa. Faida ya 4,000 inakuwa 2,800. Mwenye odi zaidi ya 14/1 akijitoa hakuna makato. Kabla ya kumpigia mtu wa kibanda kelele, angalia nani hakukimbia.

Wawili wakifika pamoja, au matokeo yakipingwa?

Wakifungana kabisa, nusu ya dau lako inalipwa kwa odi kamili na nusu nyingine inapotea. Dau la 2,000 kwa 5.00 linarudi 5,000.

Matokeo ya kwenye mstari bado siyo rasmi. Uingereza wapandaji hurudi kupimwa uzito pamoja na matandiko yao, na asiyekuwa na uzito sahihi anaondolewa. Waamuzi wanaweza pia kuita uchunguzi kama mmoja amemziba mwenzake, na nafasi zikabadilishwa. Malipo hufuata baada ya kutangazwa "weighed in". Kwa hiyo farasi wako akifika wa pili kwa pua tu, usiichane tiketi mpaka tangazo hilo litoke.